Wanafunzi wa kompyuta wafundishwe kutunza mafaili yao ya sheli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno juu ya jambo ambalo sisi tunaofundisha kompyuta vyuoni tumelipuuza, nalo ni utunzaji wa mafaili ya mipangilio ya sheli. Sheli ninayoizungumzia si ile tunakojazia mafuta, bali ni programu inayopokea amri za maandishi, kama vile Bash, iliyotolewa mwaka 1989, au Zsh, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo sheli ya kawaida kwenye kompyuta mpya za Mac. Kila aliyezoea kufanya kazi humo huwa na mafaili madogo, kama .bashrc na .gitconfig, alimohifadhi vifupisho vya amri zake na njia za kuzifikia programu zake. Majina ya mafaili hayo huanza na nukta, na kwa sababu hiyo hayaonekani mtu anapoorodhesha vilivyomo kwa amri ya kawaida.

Kutoonekana huko ndiko kulikoniponza. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, kompyuta yangu ikaungua pamoja na diski yake. Nyaraka nilikuwa nimezinakili kwenye flashi, lakini siku ya kunakili nilichagua kila kilichoonekana mbele yangu, yale ya nukta yakaachwa. Nilipopata kompyuta nyingine nikamwomba mwenzangu .bashrc yake, nikaanza kuirekebisha ili ilingane na mashine yangu, na katika kurekebisha nikafuta neno $PATH lililokuwa mwishoni mwa mstari mmoja. Nikafungua dirisha jipya, nikaandika ls, yaani amri ya kuorodhesha vilivyomo, nikajibiwa kwamba amri hiyo haipo. PATH ni orodha ya folda ambamo sheli hutafuta programu, na mimi badala ya kuiongezea nilikuwa nimeifuta yote, ingawa ls yenyewe ilikuwa palepale ilipo siku zote. Cd, ile amri ya kuhamia folda nyingine, ilitii, kwa kuwa hiyo imo ndani ya sheli, basi nikawa naingia na kutoka kwenye folda bila kuweza kuona kilichomo, mpaka nilipokumbuka kuandika anwani kamili, yaani /bin/ls.

Tangu siku hiyo mafaili yangu yote ya nukta yanakaa katika folda moja inayolindwa na Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko la mafaili, na mahali pake pa zamani nimeacha viungo tu vinavyoelekeza humo. Viungo hivyo hutengenezwa na programu ndogo iitwayo GNU Stow, na kwenye kompyuta mpya kazi yote ni kuipakua folda hiyo na kuandika amri moja. Ni maandishi matupu, hivyo bando halishtuki.

Hata hivyo, kunakili peke yake hakutoshi. Bash inapoanza kama sheli ya kuingilia, yaani ile inayofunguka mtu anapojitambulisha kuingia kwenye mashine, husoma lile la kwanza itakalolipata kati ya .bash_profile, .bash_login na .profile, kisha hayo mengine huyapita. Mtu akitoka na .bash_profile yake kwenye Mac akaileta kwenye mashine ya Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux, ile .profile iliyokuwapo haisomwi tena, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiita .bashrc, akiingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali kupitia mtandao, anakuta vifupisho vyake vyote vimetoweka. Dawa ni kuifanya .bash_profile iite .bashrc yenyewe, na yale yanayohusu mashine moja tu yawekwe katika faili la pembeni ambalo .bashrc hulisoma likiwapo na kunyamaza lisipokuwapo.

Faili hilo la pembeni ndilo pia mahali pa nywila na funguo za huduma za mtandaoni, na lisiingizwe katika Git kamwe. Nimeona wanafunzi wakiweka ufunguo ndani ya .bashrc, wakaipandisha mtandaoni, kisha wakaufuta siku ya pili na kulala usingizi, wakati Git inatunza kila toleo lililopita na yeyote anaweza kulirudia. Ufunguo ukishatoka hivyo, hubatilishwa kule ulikotolewa, ukaombwa mwingine. Zile funguo za SSH za siri nazo zisikanyage folda hiyo.

Ninachoomba kwa wakuu wa idara ni vipindi viwili tu, katika wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, kabla mwanafunzi hajazoea kubeba .bashrc ya mwenzake yenye mistari mamia asiyoielewa. Aanze na mistari kumi aliyoiandika mwenyewe, aitie katika Git, kisha aambiwe ahamie mashine nyingine ya maabara na kuirudisha humo mbele ya mwalimu. Kwa chuo kitakachokubali, niko tayari kutoa folda yangu iwe mfano, pamoja na ule mstari nilioufuta, ili nao wauone mwisho wake.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro