Hagler alikuwa amechakaa kabla ya Leonard

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji. Juzi, kijiwe cha kahawa hapa Majengo, Dodoma, kijana mmoja ninayemfundisha ngumi alituonyesha kwenye simu pambano la mabondia wa Marekani Marvin Hagler na Sugar Ray Leonard, la Aprili 6, 1987 kule Las Vegas, ambalo Leonard alishinda kwa pointi. Lilipoisha akasema, "Mwalimu, huyu Hagler mnayemsifia wazee mbona wa kawaida tu?" Maneno yale yameniuma.

Hagler alikuwa hajapigwa tangu 1976. Ubingwa wa uzito wa kati aliuchukua London mwaka 1980 mikononi mwa Alan Minter, akautetea mara 12. Bondia wa kawaida hafiki huko. Ila aliyepanda ulingoni siku ile siye yule aliyemmaliza Thomas Hearns kwa raundi tatu mwaka 1985.

Kilichomzeesha si miaka yake 32. Ni jirani yetu, John Mugabi wa Uganda. Machi 1986 Mugabi, aliyekuwa amewashinda wote waliotangulia kwa KO (kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea), alimshindilia Hagler makonde mazito raundi baada ya raundi. Hagler alimmaliza kwa KO raundi ya 11, sawa, lakini mwili wake ulilipa. Nimecheza ngumi za ridhaa miaka tisa, hali ile naijua: konde unaliona linakuja, kichwa kinachelewa kutoka. Anayeigundua kwanza ni wewe mwenyewe, wala humwambii mtu, hata mwalimu wako.

Wanaobisha kijiweni wanasema Leonard naye tangu aache ngumi mwaka 1982 kwa ajili ya jicho alikuwa amepigana mara moja tu. Kweli. Lakini kukaa nje si kuchakaa. Miguu yake ilikuwa imepumzika wakati ya Hagler inafanyishwa kazi.

Kosa moja la Hagler nalikubali. Yeye alizoea kupigana kwa mtindo wa kushoto, mkono wa kulia ukiwa mbele, akaanza kwa kusimama kwa mtindo wa kulia, akamwachia mwenzake raundi za mwanzo bure. Hapo uzee hauhusiki. Majaji wawili walitofautiana, kila mmoja 115 kwa 113 upande wake, lakini jaji wa tatu, yule aliyempa Leonard 118 kwa 110, sijamwelewa mpaka leo.

Hagler hakupigana tena. Kijana wangu nimemwambia Jumamosi aje nyumbani, tuanze na pambano la Mugabi, na makonde asiyatazame. Atazame miguu ya Hagler kuanzia raundi ya sita.

Mwalimu wa ngumi,
Majengo, Dodoma