Sina hatia, ila ninalo la kuficha

Ndugu Mhariri,

Ile ripoti yenu kuhusu wasafiri na ukaguzi wa viwanja vya ndege imenitoa mafichoni. Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa karani wa kuhesabu shehena hapa bandarini Tanga, na muda wote huo sijakuandikia hata mstari, hata mlipochapa picha ya Pangani mkaandika chini yake kuwa ni Tanga mjini. Nilinyamaza. Hili nimeshindwa.

Mwandishi wako ametwambia kuwa wasafiri hawana neno na kupekuliwa. Akaleta kura ya maoni ya Gallup kutoka Marekani, ya Januari 2010, ambayo asilimia 78 ya wasafiri wa ndege waliziunga mkono zile mashine za kumulika mwili mzima. Kisha akatufungia na yule bwana mwenye tai aliyehojiwa kwenye foleni, aliyesema kuwa asiye na hatia hana la kuficha. Hakumuuliza swali la pili. Kauli ikaachwa pale mwisho wa ukurasa, kubwa, kama aya.

Kwanza hiyo kura. Januari 2010 hata mwezi ulikuwa haujatimia tangu Krismasi ile ambayo kijana wa Kinigeria alikamatwa ndani ya ndege iliyotoka Amsterdam kwenda Detroit, akiwa na kilipuzi kwenye chupi. Mtu ukimuuliza wakati huo kama akubali kukaguliwa, atakwambia mkague mpaka meno. Lakini Gallup hao hao waliuliza tena Novemba ya mwaka ule ule, baada ya maofisa wa kule kuanza kupapasa watu kwa viganja mpaka mapajani, na zaidi ya nusu ya wasafiri wakajibu kuwa jambo hilo linawakera au linawakasirisha. Mashine waliiona afadhali kuliko mkono. Mwandishi wako aliisoma ya Januari, Novemba hakufika.

Pili, huyo bwana wa tai. Mimi sina hatia, na ninalo la kuficha. Ninalo ndani ya suruali. Nina busha, ndugu mhariri, haya, nimeshaliandika. Wasomaji wa Tanga hawatashtuka. Pwani yetu hii mbu wametutia minyoo ya matende kizazi hadi kizazi, na zile dawa za ivermectin na albendazole tulizogawiwa mitaani zimewawahi vijana, sisi wengine ilikuwa tayari. Najua upasuaji wake si mkubwa. Nitafanya nitakapotaka. Ni jambo la mimi, daktari na mama watoto. Au lilikuwa hivyo.

Nilikuwa nakwenda Muscat kumtazama mwanangu. Uwanja sitautaja, ila ni mkubwa, upo ukanda wetu huu, na wafanyakazi wake Kiswahili wanakijua sana, laiti wasingekijua. Nilifuatana na mkaza mwanangu na mjukuu wangu mdogo. Nina vyuma mguuni tangu ajali ya basi, kwa hiyo ule mlango wa ukaguzi hulia kila nikipita. Nimeshauzoea, na cheti cha hospitali hukaa mfuko wa kanzu. Kijana wa zamu cheti hakukitazama. Hakuniamkia. Alianza kunipapasa vifundoni, sawa, akapanda magotini, sawa, akafika pale. Akasita. Akarudia, mara hii akibonyezabonyeza kama anayechagua embe sokoni, kisha akapaza sauti: “Mzee, umeficha nini huku?” Nikamjibu chini chini, mwanangu, hayo ni maradhi. Hakusikia, au alisikia. Akamwita mwenzake aliyekuwa kwenye mashine ya mabegi: “Hebu njoo, mzee huyu ana kitu!” Mwenzake akaja, naye akashika. Nyuma yangu foleni imejaa: watalii, wafanyabiashara wa Guangzhou, akina mama wa Umra na mabaibui yao, na katikati yao mkaza mwanangu, karibu kabisa, ameshika trei yenye viatu vyangu. Kama wewe ni mtu wa bara, ndugu mhariri, pengine nikueleze. Kwetu mkwe hakai kitanda nilichokalia. Hajapata kuniona kifua wazi. Nikipita ukumbini yeye hujitanda, na mimi kabla sijaingia uani hukohoa ili ajue nakuja. Tangu aolewe tumelilinda hilo, yeye kwa upande wake na mimi kwa upande wangu, na hakuna aliyetusimamia. Likavunjwa mchana kweupe na vijana wawili waliovaa glavu za mpira, kwa sababu hawakutaka kunisogeza mpaka kwenye chumba chenye mlango. Na chumba kilikuwepo! Nilikiona kwa macho yangu, kimewekwa ndoo na mafagio. Walipotosheka, yule wa kwanza akasema, “Pita mzee, kumbe ni mzigo wako mwenyewe.” Watu wakacheka. Mkaza mwanangu aliinama akaanza kumfunga mjukuu kamba za viatu, na mtoto alikuwa amevaa ndara. Hata sasa akinipa shikamoo anatazama sakafu.

Sasa mwandishi wako amlete yule bwana wa tai tuzungumze naye habari ya kuficha.

Sipingi kupekuliwa. Tarehe 7 Agosti 1998 naikumbuka, bomu la ubalozi wa Marekani pale Dar es Salaam lilipoua watu 11, na sitaki mtu apande ndege na mzigo usiojulikana nami nimo. Isitoshe mimi nimepekuliwa maisha yangu yote ya kazi. Getini bandarini jioni tulikuwa tukipita kibandani mmoja mmoja. Askari anakusalimu, anakupapasa, unatoka mlango wa pili. Akimkuta mtu amejifunga sukari kiunoni hapigi kelele. Anamkalisha benchi, anaandika. Wezi walikamatwa na sisi wengine tulikwenda nyumbani na heshima zetu. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati. Kwa hiyo nisiambiwe kuwa usalama na stara havikai nyumba moja, maana nimevikuta vikikaa.

Na wenzetu ambao tunaiga mashine zao mbona waligomba? Ulaya mwaka 2011 walitunga kanuni kwamba mashine za kumulika mwili zisihifadhi picha ya mtu wala kuichapisha, na asiyetaka kumulikwa ana haki ya kukataa akakaguliwa kwa njia nyingine. Marekani Bunge lao lilidai mashine zisionyeshe maungo ya mtu, zionyeshe kikaragosi tu, kile kile kwa kila abiria, chenye alama pale penye shaka. Zile za eksirei zilizoshindwa kufanya hivyo ziliondolewa viwanjani mwaka 2013. Watu hao hawana habari ya kumwonea haya mkwe, na bado walikataa. Sisi ambao mtoto anafundishwa kupiga hodi kabla hajajua kuhesabu, tumenyamaza. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na afya ya mtu imo katika taarifa nyeti. Tume yake ipo. Nauliza tu: busha likitangazwa kwa sauti mbele ya foleni, hiyo ni taarifa au si taarifa?

Na kwa kuwa kalamu nimeshaishika, kuna madaftari ya gesti. Unafika usiku umechoka na vumbi la njia, unasukumiwa daftari: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya simu, namba ya kitambulisho. Sawa, polisi wanataka kujua nani kalala wapi, andika. Lakini daftari hilo linabaki wazi juu ya kaunta usiku kucha, na kila mteja anayefuata anasoma waliomtangulia huku akitafuta kalamu. Mtaani kwetu kuna ndoa iliyovunjikia kwenye daftari la namna hiyo la huko njiani Korogwe. (Bwana alistahili, lakini hilo si hoja.) Nenda kwa wakala wa kutuma fedha, nako daftari. Laini za simu tumesajili kwa alama za vidole, tukapanga foleni juani mpaka tarehe ya mwisho ya Januari 2020, tukaambiwa matapeli sasa basi. Mimi bado napata ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na mwingine ananitaja kwa majina yangu matatu. Majina yangu matatu yako kwenye kitambulisho na kwenye madaftari. Pengine popo amemwambia.

Serikali ikikusudia jambo haishindwi na dogo. Ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 ilikumbuka kuwaachia wageni vile vifuko vya ziploc vya kuwekea dawa ya meno na mafuta wakiwa safarini. Mtu fulani alikaa ofisini akaifikiria dawa ya meno ya mtalii. Namwomba mtu huyo huyo, kama bado yuko kazini, afikirie na wazee.

Nisionekane kuwa mimi ni wa kulalamika tu, nimekwisha kwenda kwa fundi cherehani wa hapa Ngamiani kuulizia bei ya pazia. Kitambaa kizito cha bluu, kisichoonyesha kivuli taa ikiwaka nyuma yake, mita tatu kwa mbili na nusu, pindo la chini litiwe vipande vya risasi kama jarife ili upepo wa feni usilinyanyue. Bomba la chuma na pete kumi na mbili. Ndani kiti kimoja cha plastiki chenye mikono, maana wengine hatuwezi kuinama bila kushikilia. Nje bango: INGIA MMOJA MMOJA. Askari awe wa jinsia ya msafiri, aanze na shikamoo kama anastahili kuitoa, asome cheti kabla ya kugusa, na akitaka kumwita mwenzake atoe kichwa nje akamwite kwa jina lake, asitaje alichokiona. Fundi anasema ni kazi ya siku mbili. Nitalipa mimi, na nitalisafirisha kwa basi kutoka Kange mpaka huo uwanja, mahali ambapo halitakaguliwa na mtu yeyote, kwa kuwa basi la abiria sitini hatujaona bado umuhimu wa kulipekua. Ndoo na mafagio yao watatafuta pa kuyaweka.

Jina langu na namba ya simu nimekuandikia kwenye karatasi ya peke yake kama mnavyotaka. Usivichape, na hiyo karatasi usiiache juu ya meza.

Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga