Kuwashwa baada ya kuoga si sabuni kila mara

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee magonjwa sugu ya uboho wa mifupa, maana yanaanza kimyakimya na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Chukua polisithemia vera, hapo uboho unatengeneza chembe nyekundu kupita kiasi, damu inakuwa nzito, na dalili za mwanzo watu wanazipuuza, kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu, uso kuwa mwekundu, halafu hii ya ngozi kuwasha ukishaoga maji ya moto, hii jamani msiichukulie poa, mtu anabadilisha sabuni weee kumbe shida iko kwenye damu. Wengine wanashiba haraka sababu bandama imevimba inabana tumbo.

Kinachoniuma ni kwamba kipimo cha kwanza ni rahisi tu, kuhesabu chembe za damu, zikiwa juu daktari ataagiza kipimo cha jeni (kirithishi cha mwili) iitwayo JAK2, hitilafu yake iligunduliwa 2005 na karibu wagonjwa wote wa polisithemia wanayo. Ukichelewa damu inaweza kuganda ukapata kiharusi. Na madaktari wetu, mkikuta himoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni) iko juu msimwambie mgonjwa "una damu ya kutosha", rudieni kipimo mtafute sababu.

Msomaji wenu