Picha ikiandikwa 3/20, ziwe 20 kweli

Ndugu Mhariri,

Picha kubwa za Ziwa Tanganyika, sokwe wa Gombe na meli ya Liemba zinazouzwa kwa wageni hapa Kigoma siku hizi huandikwa 3/20 au 7/50 pembeni. Anayeandika 3/20 ameahidi kwamba zitatoka nakala 20 tu, na hiyo ni ya tatu. Idadi ipangwe kabla ya kuuza ya kwanza, na ihusu vipimo vyote. Kumaliza 20 za sentimita 40 kwa 60, kisha kufungua 20 nyingine za 50 kwa 75 za picha ileile, ni utapeli hata kama namba zinasomeka vizuri. Ukitaka vipimo viwili, tangaza mapema ni ngapi kwa kila kimoja. Nakala za mpiga picha mwenyewe, ambazo kwa desturi ni kama asilimia 10 ya idadi hiyo, nazo zitajwe kwenye hati anayopewa mnunuzi. Iliyoharibika wakati wa kusafishwa ichanwe, isipewe namba.

Karatasi ya kung'aa inatosha kwa picha za harusi. Kwa bei ya sanaa, tumia karatasi ya pamba isiyo na asidi, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na wino wa pigimenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6,000 kwa 4,000. Kwa pikseli 300 kila inchi, hiyo inatosha nakala ya kama sentimita 51 kwa 34. Faili lisitumwe WhatsApp kama picha, maana hubanwa; litume kama dokumenti au kwa flashi. Saini na namba ziwe za penseli, kwenye ukingo mweupe. Kalamu ya wino husambaa kwenye pamba.

Lakini kazi nyingi nzuri hufia kwa fundi fremu. Picha ikigusana na kioo, unyevu wa mvua za Novemba hadi Aprili hunaswa katikati, mwisho inagandana; ukiibandua, wino unabaki kwenye kioo. Fundi akate dirisha kwenye kadibodi isiyo na asidi, unene wa milimita 2, iitenganishe picha na kioo. Hadibodi ikiigusa picha kwa nyuma huiachia madoa ya kahawia, na selotepu hufanya hivyohivyo. Picha ishikizwe upande wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi na gundi ya wanga. Ikibanwa pande zote nne, pamba inapotanuka kwa unyevu hukosa pa kwenda, ikafanya mawimbi.

Kwa wenye hoteli: mmenunua nakala, hamkununua hakimiliki. Kuipiga picha hiyo na kuiweka kwenye kalenda au kipeperushi kunahitaji kibali cha mpiga picha, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za picha. Kibali kiwe cha maandishi, kitaje matumizi na muda, na kilipiwe kando na bei ya nakala.

Mpiga picha,
Kigoma