Malkia kwa Shimizi

Paris, 14 Juni

Shoga yangu Mwanahamisi,

Salamu sana, na mama mkwe mfikishie zake. Picha za gauni la bi harusi nimeziona. Mikono imekaa vizuri, ila ile lesi ya shingoni ungeishusha kidogo. Usininunie.

Nakuandikia habari ya nguo. Jumapili nilikwenda Versailles, kwenye lile jumba la zamani la wafalme wa Ufaransa. Nilishakwenda Jumatatu iliyopita, nikakuta geti limefungwa, kumbe Jumatatu hawafungui. Nauli yangu ikaenda bure. Nilitaka kuona kazi za Élisabeth Vigée Le Brun, yule mama aliyekuwa akimchora malkia wa Ufaransa, Marie-Antoinette. Wote wawili walizaliwa 1755, na walizoeana. Mwenyewe ameandika kwenye kumbukumbu zake kwamba siku moja, tumbo limeshakuwa kubwa, aliangusha kisanduku cha rangi, brashi zikatawanyika sakafuni. Malkia akainama akaziokota yeye, akimwambia asihangaike na hali ile.

Sasa sikia. Mwaka 1783 alimchora malkia kavaa gauni jeupe la melimeli, jepesi, limefungwa kiunoni kwa mshipi laini, na kofia ya nyasi kichwani. Taji hana, mkufu hana, hereni hana. Ameshika waridi, basi. Picha ikatundikwa kwenye maonyesho ya Louvre, watu wakaja juu: malkia kachorwa na shimizi! Wala sikutanii, Wafaransa wanaita chemise, ndilo lilelile tunalovaa sisi chini ya gauni. Wengine hawakujali aibu, walijali biashara: melimeli ilikuwa kitambaa cha kutoka nje, na malkia akiivaa mabibi wote watamwiga, wafumaji wa hariri wa Lyon watakula nini? Wewe unayeishi kwa sindano utalielewa hilo kuliko mimi.

Picha ikashushwa. Bi Élisabeth akachora nyingine harakaharaka: mkao ule ule, uso ule ule, waridi lile lile mkononi. Alichobadilisha ni nguo. Hariri ya buluu iliyofifia, lesi kifuani na mikononi, lulu shingoni. Ndiyo yale ya mteja anayekurudishia gauni na kukwambia mashallah umeshona vizuri, lakini mume wangu hataki.

Hii ya hariri ndiyo iliyoko Versailles. Nilisogea mpaka mlinzi akakohoa. Lesi imechorwa kwa rangi ya mafuta, lakini unatamani kuingiza kidole kwenye matundu yake, na pale hariri inapokunja kiwiko kuna mstari mmoja tu mweupe, mwembamba kama uzi, na huo ndio unaoifanya ing'ae. Ukirudi hatua mbili ni kitambaa, ukisogea ni rangi. Hata hivyo, mimi nampenda yule wa shimizi, ingawa nimemwona kwenye simu tu, maana picha yenyewe iko Ujerumani. Yule anapumua. Huyu wa hariri amevalishwa na watu.

Kubwa kuliko zote ni ile ya 1787, karibu mita tatu kwenda juu, iko kwenye chumba ambacho mfalme na malkia walikuwa wakila huku watu wanawatazama. Wakati huo malkia alishachukiwa, wanamsema anafilisi nchi. Picha ilichelewa, fremu ikatangulia kutundikwa tupu, wenye midomo wakasema: haya, nakisi ya serikali ndiyo ile! Ilitakiwa imwonyeshe kama mama tu. Mahameli nyekundu, manyoya kwenye upindo, mtoto mapajani, binti amemwegemea. Shingo iko wazi, hana mkufu, kwa sababu miaka miwili nyuma matapeli walinunua mkufu wa almasi kwa jina lake, na watu hawakukubali kwamba hakujua.

Pembeni mvulana mkubwa ananyoosha kidole kwenye kitanda cha mtoto mchanga. Kitanda ni kitupu. Kilikuwa cha Sophie, bintiye malkia, aliyefariki Juni mwaka huo huo kabla hajatimiza mwaka. Nilikaa pale muda mrefu, shoga, nikitazama kile kidole. Juni 1789 yule mvulana naye akafariki, na malkia akaamuru picha iondolewe, hakuweza kupita mbele yake bila kulia. Bi Élisabeth anasema ndiko kulikoinusuru, maana mapinduzi yalipozuka na wenye hasira wakavamia jumba, haikuwa ukutani. Yeye mwenyewe alitoroka Paris Oktoba mwaka huo na binti yake, na brashi ikamlisha huko ugenini miaka mingi.

Sasa niambie, melimeli ya kweli bado inapatikana madukani huko, au imebaki ile ya kuchanganya na nailoni? Nataka unishonee lile gauni la 1783, kofia nitajitafutia. Mikono ijae, shingoni marinda madogo madogo, mshipi wa manjano. Vipimo vyangu unavyo, ila kiunoni niongezee inchi mbili, na usimwambie mtu.

Wako,
Zuhura