WiFi mpya mliyotufungia inatembea kwa mwendo wa mashine ya alama za vidole ya mlangoni

Ndugu wa kampuni iliyotufungia mtandao chuoni,

Habari za kazi. Mimi ndo nashika kitengo cha TEHAMA hapa chuoni na hii ni mara ya nne nawaandikia, simu ndo hata sihesabu tena.

Mlikuja mwezi wa tatu mkafunga AP mpya, yaani vile visanduku vya kurusha WiFi, za kizazi kipya cha WiFi 6, za zamani mkaziacha hukohuko darini mkasema zitasaidiana. Hazisaidiani jamani. Jumatatu iliyopita ilikuwa siku ya kusajili masomo, nikakaa maktaba na binti wa mwaka wa kwanza, laptopu yake mpya kabisa, alama ya WiFi imejaa yote lakini ukurasa unazunguka tu, dakika ishirini nzima unazunguka, mwisho akafunga laptopu akanunua bando kwenye simu ndo akajisajili. Chuo kimewalipa hela yenu yote halafu mtoto wa watu anatoa hela ya kula anunue bando, kwakweli hii inaniuma.

Nikaamua kupima mwenyewe. Pale maktaba kuna AP tatu zinazosikiana na zote mmeziweka chaneli 6, yaani njia moja ya hewani, wakati kwenye masafa ya 2.4 GHz kila fundi anajua chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Kila AP inarusha majina sita ya mtandao, la wanafunzi, la walimu, la wageni, na matatu ya majaribio ya mafundi wenu ambayo hayajafutwa mpaka leo. Jina moja linajitangaza kama mara 10 kwa sekunde, kwahiyo hapo ni matangazo kama 180 kila sekunde, tena yote yanatoka kwa spidi ya megabiti 1 kwa sekunde maana mmeacha zimewashwa spidi za 802.11b, WiFi ya kizamani ya mwaka 1999! Sehemu kubwa ya hewa imeshaliwa kabla mtu hajafungua chochote.

Na anayetumia hiyo b ni kifaa kimoja tu, ile mashine ya alama za vidole mlangoni pa maktaba. Ikishajiunga tu, AP inawalazimisha wengine wote kila wakitaka kutuma watangulize kwanza tahadhari kwa lugha ya zamani ili mashine isikie ikae kimya. Ikituma yenyewe ndo balaa, pakiti (kifurushi kimoja cha data) ya baiti 1,500 kwa megabiti 1 inakaa hewani milisekunde 12, wakati kwa megabiti 54 ni kama robo ya milisekunde, na hewa ni moja, akiongea mmoja wengine wanangoja. Nilipoizima kwa nusu saa ile laptopu ya binti ikaanza kufungua kurasa, siyo haraka sana, lakini zinafunguka.

Fundi wenu kanijibu "boss hiyo ndo kampatibiliti", yaani ili vifaa vya zamani navyo viingie. Sikatai vifaa vya zamani kuingia, wanafunzi wetu wengi wana laptopu za mtumba na siwezi kuwafungia mlango hata siku moja, ila karibu zote zina g au n, matoleo ya WiFi yaliyokuja baada ya b, mkizima spidi za b wao hawaguswi kabisa. Mashine yenyewe ina tundu la waya nyuma, nimeligusa kwa mkono wangu, ichomekeni waya iachane na hewa. Gawanyeni chaneli, majina yabaki matatu, laptopu mpya zisukumwe kwenye masafa mengine ya 5 GHz, hizo za mtumba zipate nafasi huku 2.4.

Hii kazi ya saa mbili ningeifanya mwenyewe, lakini pasiwedi ya kuingia kwenye setingi mmeing'ang'ania nyie, kila nikiomba naambiwa ni utaratibu wa kampuni. Vifaa ni mali ya chuo. Mitihani ya mtandaoni inaanza tarehe 14, kwahiyo kabla ya Ijumaa nileteeni fundi au nipeni pasiwedi, kimojawapo. Nipo ofisini kuanzia saa moja asubuhi.