Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, ushoroba wa Kwakuchinja upimwe kabla ya mashamba

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Ningeweza kumwandikia mwenzako wa Maliasili. Nimekuandikia wewe kwa sababu ushoroba, yaani njia ya wanyamapori kama nyumbu, siku hizi inafungwa zaidi na bikoni (nguzo za mipaka) za wapimaji kuliko bunduki ya jangili.

Kiangazi, wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire hukusanyika Mto Tarangire, penye maji ya uhakika. Mvua zikianza hutawanyika: wengine mashariki, nyanda za Simanjiro, wengine kaskazini kupitia ushoroba wa Kwakuchinja, kuelekea Manyara na nyanda za Gelai karibu na Ziwa Natron. Hawazururi. Nyasi za huko zina madini, hasa fosforasi, ambayo nyumbu anayenyonyesha haipati ya kutosha katika nyasi za hifadhini. Hifadhi ina kilomita za mraba 2,850, nayo peke yake haiwatoshi. Njia ikizibwa, wanaoanza kupungua ni ndama, na mtalii hatagundua kitu kwa miaka.

Kwakuchinja leo inakatwa na barabara kuu ya Arusha–Babati, halafu kuna nyumba, mgodi wa fosfeti wa Minjingu, na mashamba yanayosogea kila msimu. Wenye mashamba siwalaumu hata kidogo. Mimi pia nalima, na aliyepewa ardhi na kijiji chake hajaiba.

Kanuni za shoroba zipo tangu 2018. Tatizo ni kwamba kijijini kanuni haionekani, bikoni inaonekana. Basi kabla hati nyingine ya kimila haijatolewa kwenye vijiji vya njia hiyo, wapimaji wako waanze na ushoroba wenyewe, wakiongozana na wazee wa Kimasai waliochunga humo. Aliyekwisha kulima ndani yake alipwe kwanza, ndipo aombwe kupisha. Kijiji cha Terrat, Simanjiro, kiliwahi kukubaliana na kampuni za utalii zikilipe ili nyanda zake zisilimwe, na ng'ombe wakaendelea kulishwa palepale. Na kule Kenya, tembo wanapita chini ya barabara kuu kati ya Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare tangu 2011, lakini kivuko kile kisingefaa kitu kama mashamba yaliyo njiani yasingetenga ukanda wa kupita.

Vuli huanza Novemba. Wapimaji wakija wakati huo, nyayo zitawaonyesha pa kusimika bikoni ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima, Wilaya ya Babati